Pazia la Kijani

2 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu wewe na simu mmekwisha kuachana. Juzi nilikuuliza unaendeleaje, ukanijibu kwamba mvua ilinyesha Jumanne. Nikakuuliza kama miguu imepungua kuvimba, ukasema nimsalimie. Sijui nimsalimie nani, lakini nimemsalimia.

Mimi na tumbo langu hatujambo. Wiki ijayo naingia mwezi wa nane. Mume wangu, huyo fundi majokofu unayemwita mwizi wako, siku hizi ananifuata nyuma kama mtu aliyeazimwa kioo. Mtoto hucheza sana nikikaa karibu na vyerehani vya Mama. Nadhani ameshazoea ile ngurumo, kama nilivyoizoea mimi siku zile kabla sijameza kile kifungo kilichonipa jina.

Sasa jambo lililonikalisha kitako. Lazima nijiandikishe pa kujifungulia kabla mwezi haujaisha, na nyumba imegawanyika. Kuna hospitali binafsi, mpya, iko nyuma ya maghala ya saruji. Kila mama ana chumba chake, kitanda kinapanda na kushuka, na ukibonyeza kitufe muuguzi anakuja akitabasamu. Halafu kuna hospitali ya serikali, ile ya zamani yenye ngazi nyingi. Kule nilikaa kwenye benchi la mbao mpaka nikasahau nilichofuata, lakini mkunga alipoweka mikono tumboni alinieleza mtoto amelalaje, kichwa kiko wapi na mgongo uko upande gani, kabla hata ya kile kipimo cha picha. Kipimo kikaja kusema yale yale.

Mama hataki kusikia. Anasema serikalini ndiko walikomwachia mtoto mmoja tu maishani, na kwamba nikienda huko yeye langoni hapiti. Nikimuuliza ilikuwaje, anakanyaga cherehani kwa nguvu.

Wewe umefanya kazi kwenye wodi ya wazazi ya serikali miaka thelathini na mmoja. Niambie, niende wapi?

Mjukuu wako,
Kifungo


9 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Kwanza usishangae mwandiko. Mikono yangu siku hizi hutetemeka, kwa hiyo nasema na rafiki yangu wa zamani wa kazini anaandika. Nyumba yake iko jirani, huja kila asubuhi. Anasema nikutajie kwamba ananirekebisha lugha kila nikitaka kutukana.

Miguu haijapungua. Daktari kijana anayenipima anasema moyo umechoka kusukuma. Alisema kwa sauti ya chini, akadhani masikio yangu yaliyokufa hayatamjua. Amesahau kwamba watu husema kwa midomo? Wagonjwa nimewasoma midomo kabla hajazaliwa. Mlango wa chumba changu tumeung'oa ili kiti cha magurudumu kipite, tukaweka pazia. Nalala nikitazama pazia hilo. Basi la kwanza kutoka kwenu hufika hapa saa saba mchana, na rafiki yangu anasema kila ikifika saa sita na nusu nakuwa kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Mwambie mama yako simlazimishi. Najua kazi ni nyingi, hasa sasa shule zimefunguliwa na sare ni lundo. Mwambie tu kwamba kitanda chake kimetandikwa.

Sasa swali lako. Usichague jengo. Mwanamke hazai na jengo. Nenda kote kuwili uulize maswali haya, na ukiuliza tazama macho yao, usisikilize maneno peke yake. Jumapili alasiri, mkunga anakuwa nani, na ana wenzake wangapi? Chumba cha upasuaji kiko hapo hapo, na mwenye kisu anakaa hapo au anaitwa kutoka nyumbani? Damu ya kuongezewa iko kwenye friji yao, au wanaagiza? Mwisho, na hili ndilo kubwa: mambo yakiwashinda, watakupeleka wapi, kwa gari gani, na nani ana ruhusa ya kusema "sasa tumhamishe"?

Vitanda vinavyopanda na kushuka mwachie mumeo, ndiye anayependa mashine.

Kula vizuri. Usilale chali.

Bibi yako


18 Februari

Bibi,

Shikamoo. Msalimie huyo rafiki yako mwenye mwandiko mzuri. Mwambie asikurekebishe sana, matusi yako nayapenda.

Nimeuliza maswali yako yote. Kwenye hospitali binafsi walinikaribisha na maji baridi. Jumapili kuna wauguzi wawili. Daktari wa upasuaji anaitwa, anakaa mbali kidogo. Damu wanaagiza. Nilipouliza nani ana ruhusa ya kunihamisha, muuguzi mkuu alicheka kwa upole akasema, "Hapa hatuhamishi, mama. Hapa tunamaliza." Alisema vizuri sana, Bibi. Nilitoka nimetulia.

Serikalini niliyemuuliza alikuwa anakula karanga. Akaniambia chumba cha upasuaji ni hapo, hatua ishirini, amezihesabu kwa sababu ndiye anayekimbia. Akaniambia pia kwamba kukijaa nitalala na mwenzangu kitanda kimoja, asinidanganye. Siku hizi wanaruhusu msindikizaji mmoja aingie na mama anayejifungua. Nikamuuliza nani anaamua kwamba mambo yameshinda. Akasema, "Mimi. Likinishinda namwita daktari, sioni haya. Haya nilikwisha kuzimaliza siku nyingi."

Nikarudi nyumbani na kumweleza Mama yote, nikidhani atafurahi nimekuwa makini. Hapo ndipo alipofungua kinywa. Alikuwa anakata kitambaa, hakuniangalia. Alisema siku niliyozaliwa alianzia kwenye hospitali binafsi, pakawa pazuri, kisha wakamhamishia serikalini, huko kwako, kwenye wodi yako. Kule ndiko walikomwacha akisubiri mpaka mfuko wa uzazi ukaharibika na kutolewa. Alisema kulikuwa na mkunga mmoja mwenye saa imebandikwa kifuani, na huyo hatamsahau. Halafu akasema, "Nilimwita mama yangu mara saba. Alikuwa kazini siku hiyo, ndani ya jengo hilo hilo. Hakuja. Waliniambia sheria hairuhusu."

Aliendelea kukata. Baadaye nikaona amekata mkono wa shati mara mbili kwa upande mmoja.

Bibi, ni kweli? Kama walimwacha, kwa nini unaniruhusu hata kuuliza serikalini? Na kama hawakumwacha, kwa nini hujawahi kusema? Nijibu kabla ya mwisho wa mwezi, maana fundi amekwisha kuchukua fomu za hospitali binafsi na zinasubiri saini yangu.

Kifungo


27 Februari, na siku mbili zilizofuata

Kifungo wangu,

Mwandiko huu ni wangu. Samahani kwa macho yako. Rafiki yangu alikuja asubuhi na karatasi, nikamwambia barua hii nitaiandika mwenyewe. Alinitazama kidogo, akasema, "Hatimaye," akaenda kuanika nguo. Sikumuuliza hatimaye nini.

Huyo rafiki ndiye mwenye saa kifuani. Wodini tulimwita Bi Saa. Mwandiko ulioupenda ni wa mtu ambaye mama yako amemchukia maisha yako yote, na amechukiwa kwa kosa langu.

Mama yako hakuachwa asubiri kwenye wodi yetu. Alifikishwa saa kumi na robo alasiri. Saa kumi na nusu alikuwa juu ya meza ya daktari. Dakika kumi na tano, kutoka kwenye gari hadi kisu. Aliyekimbia na kile kitanda ni Bi Saa, na aliyempigia daktari kelele mpaka akaacha chakula chake ni Bi Saa. Yale masaa ya kusubiri ni ya kweli, mama yako hakuyaota. Ila aliyasubiri kwenye hospitali binafsi, kwenye chumba kizuri, na aliyemsubirisha ni mimi.

Acha nikueleze polepole, maana nimelibeba hili kwa haraka miaka ishirini na saba.

Kila asubuhi nilisimama mbele ya akina mama kwenye benchi nikawaambia kwamba hapa kwetu ni salama. Nilikuwa naamini. Lakini mtoto wangu alipokaribia kujifungua nilitazama wodi yangu kwa macho mengine. Maji yalikuwa yanakatika. Wanawake walilala wawili wawili, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Nikasema moyoni, wa kwangu hapana. Bi Saa aliniambia nimlete, kwamba tunajuana na kila mtu, hata paka wa jikoni. Nilimjibu kwa maneno ambayo sitaki kuyaandika. Kisha nikaitangazia wodi nzima kwamba binti yangu atajifungulia chumba chenye kitanda kimoja.

Kwenye hospitali hiyo binafsi kulikuwa na mkunga kijana niliyemfundisha mimi. Darasani tulimwita Ndiyo-Mwalimu, kwa sababu hakuwa na jibu jingine. Nilimchagua kwa hilo. Nilisema, huyu atanisikiliza.

Kuna karatasi ambayo mkunga humjazia mama mwenye uchungu. Kila baada ya muda unaweka nukta kuonyesha njia imefunguka kiasi gani. Karatasi hiyo ina mistari miwili iliyochorwa tayari. Nukta zikivuka wa kwanza, maana yake kama huna chumba cha upasuaji, mhamishe sasa. Zikifika wa pili, umechelewa. Nimeifundisha karatasi hiyo miaka kumi na minne. Naweza kuichora nikiwa nimelala.

Ilikuwa Jumapili. Saa sita mchana simu ya mezani wodini ililia. Ndiyo-Mwalimu akaniambia, "Mwalimu, nukta zimevuka mstari wa kwanza. Daktari wa upasuaji leo hayupo. Nimlete?"

Nilitazama wodi. Siku ile kulikuwa na wanawake mpaka sakafuni. Wenzangu walikuwa wananitazama, kwa sababu walijua nani amepiga simu. Nikaona gari likiingia langoni, binti wa mkunga mkuu akiteremshwa mbele ya wote, baada ya maneno yote niliyoyasema. Nikamjibu, "Subiri. Mimba ya kwanza ina uvivu."

Akasema, "Ndiyo, Mwalimu."

Saa nane alipiga tena. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilimwambia asubiri. Kama angekuwa binti wa mtu mwingine, ningemwambia nini? Unajua jibu. Ningemfukuza kazi kwa kuuliza tu badala ya kumleta. Yeye naye, kama angekuwa anamhudumia mtu asiye wangu, asingepiga simu hata mara ya kwanza. Aliniheshimu, na mimi heshima hiyo nikaitumia kufunika aibu yangu.

Mara ya tatu hakupiga. Alimpakia kwenye gari la kubebea mashuka na kumleta. Ndiye aliyemwokoa mama yako, na wewe, kwa kunikaidi. Aliacha ukunga mwaka huo huo. Sijui yuko wapi. Nimemtafuta, lakini nimemtafuta kama mtu anayetafuta asichotaka kukipata.

Ulipotolewa ulikuwa wa buluu, kisha ukalia. Mfuko wa uzazi wa mama yako ulikuwa umechoka, ukakataa kujikunja, damu haikukatika. Daktari hakuwa na njia ila kuutoa. Mama yako alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alikuwa anataka watoto wanne, alikwisha kuwapa majina.

Sasa lile la kuitwa. Sheria ipo kweli: mkunga hamhudumii wa damu yake, kwa sababu mkono hutetemeka. Lakini zile dakika kumi na tano, Bi Saa alitoka nje ya pazia akaniambia, "Leo sheria iko mfukoni mwangu. Ingia umshike mkono." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Kulikuwa na pazia la kijani kati yangu na mtoto wangu, na nilisikia kila alichosema. Mara saba, ndiyo. Nilijua nikiingia nitamtazama, na nikimtazama ataona. Kwa hiyo nilisimama nyuma ya pazia mpaka walipomsukuma kwa mlango wa upande wa pili.

Alipozinduka aliniuliza ilikuwaje. Nikamwambia wodi ilijaa, wakachelewa kidogo. Kidogo! Nikamwambia sheria hairuhusu. Bi Saa alikuwa anabadilisha shuka la kitanda cha pili. Alisikia. Alikunja lile shuka, akatoka nalo, na hakunifichua siku ile wala baadaye. Nilipostaafu yeye ndiye aliyebeba sanduku langu.

Mama yako alikuja kumzika babu yako, miaka kumi na mmoja iliyopita, akarudi siku hiyo hiyo. Nimekuwa nikijiambia kwamba anauchukia mji huu kwa sababu ya hospitali. Mtu akikaa na uongo wake muda mrefu anaupikia na chai.

Nimepumzika hapa. Leo ni siku ya tatu ya kuandika.

Sikuandikii hivi ili uende serikalini. Sikiliza vizuri. Wodi yetu ilikuwa na uchafu wa kweli, na wapo wanawake walioumia humo. Hospitali binafsi zipo zinazofanya kazi safi. Nilichokosea si kumpeleka huko. Nilikosea kwa sababu kumhamisha niliona ni kushindwa. Wewe mtafute mtu asiyeona haya kukuhamisha. Popote alipo mtu huyo, jifungulie hapo.

Barua hii mpe mama yako. Nilikuwa nimepanga kuandika, mpe nikifa. Kisha nikaona hilo nalo ni pazia jingine. Mpe sasa. Akiamua kutokuja kamwe, atakuwa na haki, na safari hii atakuwa anaijua sababu.

Naukumbuka uso wake wa asubuhi ile, kabla hajaenda kujifungua, zaidi ya ninavyoukumbuka wa mume wangu. Natamani niuone mara moja, hata kama umenuna. Sina cha kumwambia zaidi ya haya. Natamani tu kuuona.

Bibi yako


14 Machi

Bibi,

Shikamoo. Sitakuficha kwamba nilikaa wiki nzima bila kutaka kukuandikia. Nilikasirika mpaka mtoto akaanza kunipiga mateke, ikabidi nilale kwa ubavu nikasirike polepole. Nilikuwa nikikufikiria umesimama hapo, na siwezi kuipatanisha picha hiyo na mikono iliyonifundisha kusoma. Bado siwezi. Lakini nakupenda, na hilo nalo sijui nilifanyeje.

Fomu za hospitali binafsi sikutia saini. Nilirudi kwao mara moja zaidi, nikamuuliza muuguzi mkuu tena, labda safari ya kwanza tulikuwa tunataniana. Akarudia vile vile, hapa tunamaliza. Nilimshukuru nikaondoka. Nimejiandikisha serikalini, kwa yule mla karanga. Fundi amesema kama ni kulala wawili kitanda kimoja, atanitengenezea feni ya kushika mkononi. Amekwisha kuitengeneza. Inanguruma kama jokofu.

Barua yako nilimpa Mama Ijumaa jioni, akiwa amefunga karakana. Aliisoma amesimama. Alipomaliza akaikunja kama anavyokunja kitambaa, mara nne, akaitia kwenye droo ya nyuzi nyeupe. Nilimuuliza kama ana la kusema. Akasema, "Anaandika vizuri bado." Basi.

Tangu siku hiyo hajaitaja. Anashona. Lakini jana alipoona kadi yangu ya serikalini mezani hakuitupa. Aliisogeza tu isilowe chai.

Alisema bado langoni hapiti.

Kifungo


8 Aprili

Mama,

Shikamoo.

Umepata kitukuu. Ni wa kike, ana kilo tatu na kitu. Kifungo ni mzima kabisa, anakula kama mfanyakazi wa barabara. Amelala na mtoto hapa karibu nami ninapoandika, na huyo fundi wake amelala kwenye kiti, ameshika feni.

Ilikuwa Jumapili, kama ile. Tulifika asubuhi. Niliwasindikiza mpaka langoni, nikasimama, kama nilivyosema. Nilikaa kwenye kibanda cha mlinzi. Mlinzi akanipa kiti, akaniuliza kama nimeleta mgonjwa au nimekuja kudai kitu. Nikamwomba maji.

Ilipokaribia saa tano huyo mkunga wake alikuja mbio kwa miguu, na saa kwenye kifua chake inaruka. Sikujua kwamba bado wanazivaa. Aliniambia nukta zimesogelea mstari, hazijauvuka, ila yeye hasubiri mpaka zivuke, daktari amekwisha kuitwa. Akasema mzazi anaita. "Hamwiti mumewe," akasema. "Anakuita wewe."

Mama, nilikuwa nimeapa. Nilitazama lile lango. Halafu nikajikuta niko kwenye ngazi, sikumbuki nilivyolipita.

Hakupasuliwa mwishoni. Daktari alikuja na kusimama tayari, na mtoto akatoka mwenyewe kama aliyekuwa anasubiri watu watimie. Nilikuwa nimeshika mkono wa Kifungo. Kidole changu cha kushonea bado kimevimba.

Sasa nina neno langu, na wewe hulijui.

Kwenye barua yako umeandika kwamba ulisimama nyuma ya pazia la kijani. Umeandika kama unayenifunulia jambo. Mama, lile pazia halikufika chini. Nilikuwa nimelala kwa ubavu, uso kwenye ukingo wa kitanda, na nilikuwa naviona viatu vyako. Viatu vyeupe vya kazi. Cha kushoto kilikuwa na kamba nyeusi, kwa sababu nyeupe ilikatika asubuhi ile ulipokuwa unanisaidia kuvaa, na nilikutolea kamba kwenye kiatu cha Baba. Nilivijua. Kila nilipokuita, ncha zilisogea kuelekea kwangu. Halafu zilirudi nyuma. Nilikuita mara saba kwa sababu mara saba zilisogea.

Hospitali ilikuwa ni jambo la kuwaambia watu. Yule mwenye saa ilikuwa rahisi kumchukia, kwa hiyo nilimchukia, na nina haya kubwa mbele yake. Mwambie nitamwambia mwenyewe. Lakini sikuacha kuja kwa sababu ya wodi wala kwa sababu ya mfuko wa uzazi. Niliacha kuja kwa sababu ya vile viatu. Miaka yote hii nilikuwa nikijiuliza nilifanya nini hata mama yangu asitake kunitazama. Hilo la simu sikulijua. Sijui kama ni baya zaidi au afadhali. Nadhani ni afadhali. Kumbe ulikuwa unajificha wewe. Mimi nilidhani umenikataa.

Sijasema nimesamehe. Sijui mtu anajuaje kwamba amesamehe, labda wewe uliyesoma unajua. Nimechoka tu kuviona vile viatu vikirudi nyuma.

Kifungo akiamka nitamsomea haya, na akipata nguvu kidogo, nakuja. Ni Jumatano ijayo, basi la kwanza. Najua hutanisikia nikiingia. Umesema mlango wako ni pazia. Usijisumbue kuinuka. Tazama chini.

Binti yako


16 Aprili

Kifungo mpendwa,

Ni mimi Bi Saa, mwenye mwandiko. Hongera kwa mtoto.

Mama yako alifika jana, saa saba na dakika nane. Ameniambia alilotaka kuniambia, nami nimemwambia aache kulia aninunulie betri ya saa, tukacheka. Yuko ndani na bibi yako tangu jana. Chakula napitisha chini ya pazia.

Bibi yako sasa anapumua kwa shida na maneno ni machache, lakini asubuhi hii aliniita niandike, akasema barua iwe fupi. Amesema nikuambie jambo moja tu, wewe utaelewa. Ni viatu vya kahawia, kisigino cha kulia kimeisha upande, na havikusimama.

Bi Saa